Ng'ombe Huyu Ametoka Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuandika Asili ya Mifugo, Kuanzia Zizini Hadi Kwenye Lebo

Mnunuzi alifika zizini kwangu Misungwi alfajiri, akawatazama madume sita, akawapapasa mgongo, akaridhika. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa mnadani hata siku moja: "Kaka, hawa walizaliwa wapi, na una maandishi gani?"

Nilijibu kwa kujiamini. Nikamwonyesha mama wa kila mmoja, nikamtajia yupi alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga na yupi alizaliwa mvua zilipochelewa. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Nakuamini kaka," akasema, "lakini siwezi kuandika kwenye mfuko wa nyama kwamba nimekuamini." Akawachukua kwa bei ya kawaida, na nyama ile ikaingia dukani na maneno mawili ya jumla: nyama ya ng'ombe.

Sisi wa Usukuma tunawajua ng'ombe wetu kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo. Tatizo ni kwamba ujuzi huo unakaa kichwani mwa mtu mmoja, na ng'ombe akishavuka geti la mnada, ujuzi unabaki nyumbani. Hapa chini naeleza jinsi ya kuutoa kichwani na kuuweka kwenye karatasi ambayo mtu asiyekujua anaweza kuikagua. Nawaandikia wafugaji wa Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, pamoja na wenye bucha na wasindikaji wadogo wa Nyamagana na Ilemela wanaotaka kuuza nyama yenye jina la mahali.

Lebo inadai nini hasa

Neno "asili" kwenye lebo ya nyama hubeba madai matatu: mnyama alizaliwa wapi, alilelewa wapi, alichinjwa wapi. Umoja wa Ulaya, baada ya janga la ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, uliweka Kanuni Na. 1760 ya mwaka 2000 inayotaka lebo ya nyama ya ng'ombe ieleze yote matatu. Marekani nayo ilitoa kanuni Machi 2024, ya kuanza kufuatwa tarehe 1 Januari 2026, kwamba anayependa kuandika kuwa nyama ni bidhaa ya Marekani awe na uthibitisho kwamba mnyama alizaliwa, alilelewa, alichinjwa na kusindikwa humo humo. Kabla ya hapo, nyama ya mnyama aliyezaliwa nchi nyingine iliweza kubeba maneno hayo.

Kwetu hapa, ng'ombe akizaliwa Maswa, akanenepeshwa Misungwi miezi mitatu, akachinjwa jijini, ukiandika "Nyama halisi ya Misungwi" umesema zaidi ya unachokijua. Ukiandika "Amenenepeshwa Misungwi, amechinjwa Mwanza" umesema kweli, na kweli hiyo ina bei yake. Kwa hiyo kabla hujanunua hata daftari, amua ni dai lipi kati ya hayo matatu utaweza kulithibitisha. Mwenye kundi la kuzalisha anaweza yote. Mnenepeshaji anayenunua minadani ana uhakika na alikonenepeshwa na alikochinjwa tu, labda wauzaji wake nao wawe wanaandika.

Kisheria msingi upo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Na. 12 ya mwaka 2010, ndiyo mama wa mambo haya. Kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, ambayo vibali vya kusafirisha mifugo vinaegemea hapo, na Sheria ya Nyama Na. 10 ya mwaka 2006 iliyounda Bodi ya Nyama. Huhitaji kuzikariri. Ila afisa mifugo wa kata anapokudai hereni, yaani kitambulisho chenye namba kinachovishwa sikioni mwa mnyama, au kibali, ujue anatekeleza sheria.

Hatua ya kwanza: daftari la kundi

Nunua daftari gumu la kaunta, lile la jalada nene. Usitumie karatasi zilizobanwa kwa pini. Kabla hujaandika chochote, weka namba kwenye kila ukurasa kuanzia 1 hadi wa mwisho, kwa peni. Hii inaonyesha kwamba hakuna ukurasa ulionyofolewa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, andika sahihi pembeni, tia saini na tarehe. Usifute kwa wino mweupe.

Ligawe sehemu mbili. Sehemu ya mbele ni orodha ya kundi: kila ng'ombe na mstari wake, wenye namba ya hereni, rangi na alama, jinsia, tarehe ya kuzaliwa au ya kuingia zizini, namba ya mama, baba kama anajulikana, kijiji alikozaliwa, kisha nafasi ya kuandika alivyotoka: ameuzwa, amekufa, ameibwa, amechinjwa nyumbani, ametolewa mahari. Sehemu ya nyuma ni kitabu cha matukio, siku baada ya siku: nani kazaa, nani kachanjwa, nani kaogeshwa, nani kahamishwa.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine yote: andika siku ile ile. Daftari lililojazwa kwa usiku mmoja linajulikana. Wino ni mmoja, mwandiko hautetereki, kurasa ni safi kama za mwanafunzi wa siku ya kwanza. Daftari la kweli lina peni tatu tofauti, lina doa la samadi, lina mwandiko wa mama watoto siku ulipokuwa msibani. Mkaguzi yeyote mzoefu anaanza kuangalia hapo. Na kumbukumbu yenyewe inasahau haraka: baada ya miezi minne huwezi kuapa ndama wawili weusi waliozaliwa wiki moja, yupi ni wa jike gani.

Kama mchungaji wako hajui kusoma, mpe kijiti na kibuyu cha kokoto au utaratibu wowote wa kuhesabia, mradi jioni mtu wa nyumbani amuulize na kuandika. Kwangu kazi hiyo anaifanya binti yangu wa kidato cha pili, na daftari limekuwa bora tangu alishike yeye.

Hatua ya pili: siku ndama anapozaliwa

Hii ndiyo siku pekee ambayo dai la "alizaliwa hapa" linaweza kushuhudiwa, maana ndama yuko chini ya mama yake na bado ana unyevu. Andika tarehe, namba ya mama, jinsia, rangi, na alama zozote: baka jeupe pajani, nyota usoni, mkia wenye ncha nyeupe. Kisha chukua simu. Piga picha ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, uso, na moja akiwa ananyonya. Hiyo ya kunyonya ina uzito mkubwa, kwa sababu jike kwa kawaida hamruhusu ndama asiye wake.

Anapofikisha miezi michache, ongeza picha ya pua. Mistari na vinundu vya pua ya ng'ombe ni vya kwake peke yake, kama alama za vidole vya binadamu, na havibadiliki anapokua. Futa unyevu kwa kitambaa, simama kwenye kivuli, piga karibu. Hereni inaweza kuchanika, lakini pua anatembea nayo hadi machinjioni. Tuma picha hizo kwenye simu ya pili au barua pepe yako, maana simu inayobebwa malishoni iko siku itatumbukia mtoni.

Kuhusu baba, kuwa mkweli. Kwenye malisho ya pamoja madume ya majirani watano yanachanganyika na majike yako. Andika "dume wa malishoni, hajulikani." Ukipandikiza kwa mrija wa mbegu, bandika kipande cha mrija au andika namba yake, tarehe na aliyepandikiza. Ukinunua mtamba au dume wa mbegu kutoka shamba la serikali la Mabuki, hapa hapa Misungwi, hifadhi risiti ndani ya daftari, maana hiyo ni asili yenye maandishi tayari.

Ng'ombe wakubwa ambao umeanza nao bila rekodi usiwabunie tarehe. Andika "makadirio kwa meno" na idadi ya meno ya kudumu ya mbele. Kwa ng'ombe wetu wa asili, jozi ya kwanza hutoka akikaribia au kupita kidogo miaka miwili, ya pili akikaribia mitatu, na kinywa hujaa meno manane baada ya miaka minne hivi. Meno hayo hayo ndiyo yatakayokukamata ukidanganya: ng'ombe ambaye daftari linasema ana miezi 18 hawezi kuwa na meno manne ya kudumu, na mkaguzi wa nyama anafungua kinywa kwa sekunde tano tu.

Hatua ya tatu: hereni

Hereni ya kielektroniki ndiyo inayounganisha daftari lako na mfumo wa taifa. Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, jirani zetu kabisa, ikilenga homa ya mapafu kwa ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri kwa kuku. Siku ya chanjo ng'ombe wote wako kwenye kibanio, afisa yupo, majirani wapo. Hiyo ndiyo siku rahisi kuliko zote kuanza.

Ndani ya hereni kuna chipu isiyo na betri inayojibu kisomeo kikisogezwa karibu. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 11784, namba ina tarakimu 15, na tatu za mwanzo hutaja nchi au mtengenezaji. Namba ya Tanzania katika orodha ya nchi ni 834. Zile zinazoanza na 9 mara nyingi ni za mtengenezaji. Soma namba kama ilivyo, usiifupishe. Nimeona daftari la jirani lina "ng'ombe namba 12," na hakuna aliyeweza kusema 12 ya nini.

Kuivisha kuna ustadi wake. Sikio la ng'ombe lina mbavu ngumu za gegedu na mishipa ya damu unayoweza kuiona ukilimulika. Toboa katikati, kati ya mbavu mbili, karibu zaidi na kichwa kuliko na ncha. Ukiweka ncha, kichaka cha kwanza cha miiba kinaichana. Chovya koleo kwenye dawa ya kuua vijidudu kila ng'ombe, paka dawa kidondani, kwepa siku zenye nzi wengi, na baada ya siku kumi pita tena ukague usaha.

Hereni ikipotea, mwarifu afisa mifugo, mvishe ng'ombe mpya, na kwenye daftari andika mstari unaounganisha namba ya zamani na mpya, na picha ya pua kama ushahidi. Hereni ya ng'ombe aliyekufa haivishwi aliye hai. Haijalishi ni mpya kiasi gani. Siku uliyofanya hivyo umeua thamani ya namba zote nyingine zizini mwako.

Wengi wetu tuna ng'ombe wenye chapa za moto za kampeni zilizopita. Zinakiliwe daftarini. Chapa ni dalili nzuri ya halmashauri aliyokuwepo siku ile, lakini haisemi alizaliwa wapi, na ikipigwa ubavuni inaharibu ngozi.

Hatua ya nne: ng'ombe walioingia kutoka nje

Hapa ndipo Usukuma panapotofautiana na vitabu vya ufugaji vya nchi nyingine. Zizi letu si la uzazi peke yake. Kuna ng'ombe wa mahari. Kuna waliowekwa kwako na shemeji anayeishi mjini, wewe unakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama ni wake. Kuna wa urithi, wa fidia, na wa mnadani. Wote wanalala pamoja, na mgeni hawezi kuwatenganisha kwa macho.

Ng'ombe wa mahari ndio wagumu kuliko wote, kwa sababu mapokezi yake yana heshima na hakuna anayetaka kuharibu shughuli kwa kudai karatasi. Njia tuliyoizoea kwetu ni hii: wazee wakishakubaliana, kijana mmoja wa kila upande anaketi pembeni, wanaandika pamoja orodha ya ng'ombe, namba za hereni, rangi, na kijiji walikotoka, kisha mshenga na shahidi mmoja wanatia saini. Mara ya kwanza mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mnatuandikia deni?" Nikamjibu, "Hapana baba, tunawaandikia ng'ombe kwao, wasije wakapotea ukoo." Alicheka, akataka na yeye aongeze kwamba yule jike mwekundu ni mjukuu wa ng'ombe wa mama yake. Tukaandika na hilo.

Ng'ombe waliowekwa kwako wape kurasa zao na jina la mwenye mali. Dai la "amelelewa hapa" ni lako; haki ya kuuza ni yake, na utahitaji maandishi yake kabla hujawapeleka popote. Ndama anayezaliwa na jike aliyewekwa kwako amezaliwa zizini kwako, hata kama si wako. Watu huchanganya asili na umiliki. Ni vitu viwili, na daftari livitenganishe.

Wa mnadani, chukua karatasi zote siku ile ile: risiti ya ushuru, hati ya mauziano, kibali cha kusafirisha, na barua ya mtendaji wa kijiji cha muuzaji. Muulize muuzaji mwenyewe, usimuulize dalali, ng'ombe alizaliwa wapi, na uandike jibu lake kama jibu: "muuzaji anasema Kishapu." Bila karatasi ya kumthibitisha, hilo halipandi hadi kwenye lebo. Linabaki daftarini.

Kuna faida nyingine ambayo wazee wetu wangeielewa haraka. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji, ilipozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku Usukumani na Unyamwezini, kiini chake kilikuwa wizi wa ng'ombe. Leo ng'ombe akiibwa, mwenye namba, picha ya ubavu na picha ya pua anazungumza na nzengo (majirani wa kitongoji) na polisi tofauti kabisa na anayesema "alikuwa mweusi."

Hatua ya tano: malisho na safari

Kiangazi kinahamisha ng'ombe. Kila kundi au sehemu yake inapolala nje ya kijiji zaidi ya usiku mmoja, andika tarehe ya kuondoka, wanakokwenda, namba za waliokwenda, nani anawachunga, na tarehe ya kurudi. Bila mistari hiyo, dai la "amelelewa Misungwi maisha yake yote" linavunjwa na jirani mmoja aliyewaona ng'ombe wako kwingine.

Kutoka wilaya moja kwenda nyingine chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa wa serikali. Hakikisha kibali kina idadi, jinsia, mahali pa kutoka, mwisho wa safari na namba ya gari. Kama kina nafasi ya kuambatanisha namba za hereni, ambatanisha orodha hata kama hukulazimishwa, maana kibali cha "ng'ombe 14" hakisemi ni 14 wepi. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, lori linatoka Sengerema hadi Usagara bila kusubiri kivuko. Wepesi huo umeondoa ile saa ya kukaa foleni ambayo watu walikuwa wanaitumia kuhesabu na kuandika, kwa hiyo orodha ikamilike kabla ya kupakia. Wa Ukerewe na visiwa vingine bado wanapita majini: andika chombo, siku, na mwalo au gati la kushukia.

Hatua ya sita: tiba

Hii si asili, lakini mnunuzi wa nyama yenye lebo ataiuliza pamoja, basi iwe karibu. Andika dawa, kipimo, tarehe, na muda wa kusubiri uliochapwa kwenye chupa. Dawa nyingi za oksitetrasaiklini za kufanya kazi kwa muda mrefu huandikwa siku 28 kwa nyama. Soma chupa uliyonayo mkononi, usifuate mazoea.

Hatua ya saba: tamko la mfugaji

Unapouza kwa msindikaji au bucha inayotaka kuandika asili, mpe tamko la maandishi, nakala mbili, moja ibaki kwako. Haihitaji lugha ya mahakamani. Mimi natumia maneno haya:

"Mimi, mfugaji wa kitongoji cha ..., kijiji cha ..., kata ya ..., wilaya ya ..., natamka kwamba ng'ombe wenye namba za hereni zilizoorodheshwa hapa chini walizaliwa katika zizi langu katika tarehe zilizoandikwa mbele ya kila namba. Hawajalala nje ya kijiji isipokuwa kama nilivyoeleza. Rekodi zao zipo katika daftari langu la kundi, ukurasa wa ... hadi ..., na mnunuzi au mkaguzi anaruhusiwa kulisoma. Tarehe ya tiba ya mwisho ya kila mmoja imeandikwa. Nimewakabidhi leo tarehe ..."

Zifuate saini zako, ya mnunuzi na ya shahidi, ikiwezekana mtendaji au afisa mifugo. Sentensi inayoruhusu daftari kusomwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapo. Kwa ng'ombe ambaye hukumzalisha, badilisha "walizaliwa" iwe "waliingia zizini kwangu tarehe ...," na uishie hapo.

Hatua ya nane: machinjioni, mahali ambapo asili hufia

Unaweza kufanya yote yaliyotangulia kwa miaka mitatu, kisha yakapotea kwa dakika mbili. Kichwa kinakatwa na hereni inaondoka nacho. Mzoga unaoning'inia hauna namba, na ubavuni kwake kuna mizoga mingine minne inayofanana.

Kwa hiyo kabla ya siku, ongea na msimamizi wa machinjio na mkaguzi wa nyama. Omba ng'ombe wako wachinjwe mfululizo, wa kwanza asubuhi au wa mwisho, bila kuchanganywa na wa mtu mwingine. Nenda mwenyewe au mtume mtu unayemwamini. Andaa vibandiko vya plastiki vyenye kamba, vitano kwa kila ng'ombe, vyote vimeandikwa mapema namba ya hereni kwa kalamu isiyofutika. Kimoja kinafungwa kwenye mzoga kabla kichwa hakijatengana. Mzoga ukigawanywa kuwa robo nne, kila robo inapata chake na cha kwanza kinatolewa. Hereni yenyewe ikatwe pamoja na kipande cha sikio, iwekwe kwenye mfuko na tarehe, ili kifo chake kiandikwe kwenye mfumo.

Ukaguzi unafanyika mara mbili, mnyama akiwa hai na baada ya kuchinjwa. Omba nakala au picha ya kumbukumbu ya mkaguzi ya siku hiyo. Na tuelewane kuhusu muhuri: muhuri juu ya nyama unasema nyama inafaa kuliwa. Hausemi ng'ombe alizaliwa wapi. Vivyo hivyo cheti cha halali kinazungumzia uchinjaji. Nimesikia wauzaji wakiuonyesha muhuri kama ushahidi wa asili, na mteja anaondoka ameridhika na jibu ambalo si la swali lake.

Hatua ya tisa: hesabu ya kilo

Huu ndio mtihani ambao uongo hauupiti. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 akiwa hai hutoa mzoga wa karibu nusu yake, tuseme kilo 125. Ukitoa mifupa na mabaki, nyama safi inakaribia asilimia 70 ya mzoga, yaani kilo 87 au 88. Ng'ombe watatu wa namna hiyo ni kilo 260 hivi. Bucha yenye tamko la ng'ombe watatu ikiuza pakiti za kilo 400 zenye jina la kijiji chako, kilo 140 zimetoka kwingine na zimevaa jina lako.

Mwombe mwenye bucha apime mzoga, apime nyama iliyofungashwa, na akuandikie. Andikeni makubaliano kwamba utaruhusiwa kuona hesabu hizo. Nyama ya kusaga iangaliwe zaidi: mashine isafishwe kabla, na kila mkupuo, yaani nyama iliyosagwa kwa mara moja, uandikwe namba za ng'ombe walioingia. Mikupuo midogo ya ng'ombe mmoja au wawili ni rahisi kuitetea. Vipande vya ng'ombe tisa wa vijiji vinne vikisagwa pamoja, lebo ya kweli itaje vyote, au isitaje kijiji kabisa.

Hatua ya kumi: maneno ya kwenye lebo

Kwa bidhaa iliyofungashwa, nenda kwanza ofisi ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosajili vyakula. Mambo ya msingi ni jina la bidhaa, uzito, jina na anwani ya mfungashaji, tarehe, namna ya kuhifadhi, namba ya mkupuo na nchi. Asili ya kina unaiongeza wewe, kwa sentensi fupi zinazolingana na karatasi ulizonazo: "Amezaliwa na kulelewa Kwimba. Amechinjwa Mwanza. Mkupuo 0714." Epuka maneno kama "asilia kabisa" au "ya kienyeji halisi," maana hayana karatasi nyuma yake.

Msimbo wa mistari unaoanza na 620 unadhaniwa na wengi kuwa uthibitisho kwamba bidhaa ni ya Tanzania. Tarakimu hizo zinaonyesha kampuni ilisajili msimbo wake kupitia Tanzania, basi. Nyama iliyomo ingeweza kutoka popote.

Mbuzi na kondoo hufuata njia hii hii, ila wanazaliwa wengi na haraka, kwa hiyo kama hereni ya kila mmoja inakushinda, anza na kundi: waliozaliwa mwezi fulani, zizi fulani, wote wauzwe pamoja na wachinjwe pamoja.

Madaftari yaliyojaa mimi nayatunza miaka mitano, kwenye sanduku la bati, juu ya kabati, mbali na mchwa. Na mara moja kwa mwaka nafanya jaribio na mwenye bucha tunayeshirikiana naye: anachukua pakiti tatu dukani bila kuchagua, tunaanza kurudi nyuma kutoka namba ya mkupuo hadi kibandiko cha robo, hadi hereni, hadi tamko, hadi mstari wa siku ya kuzaliwa, tukitazama saa. Mara ya mwisho pakiti mbili zilifika zizini kabla ya nusu saa. Moja iliishia kwa mama wa ng'ombe aliyechinjwa, jike mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, na tulimkuta anakula majani nyuma ya nyumba. Ya tatu ilikwama machinjioni, kwa sababu robo moja ilipoteza kibandiko na mtu akaandika kingine kwa kukisia. Tulibandua lebo kwenye pakiti zote za mkupuo ule, pakiti 31, tukaziuza kama nyama ya ng'ombe.